Waliolitaka Jina la Mama Mkwe

Anarkul alikata mkate vipande vinne, kisha akakumbuka. Akarudisha vitatu ndani ya kitambaa, akakikunja vizuri, akabaki na kimoja.

Wageni wa kiangazi walikuwa wameondoka. Majani ya miti ya mipopla yalikuwa yameanza kudondoka kwenye mfereji. Ziwa Issyk-Kul lilionekana mwisho wa njia, rangi ya buluu, na hakuna mtu aliyekuwa akiogelea tena. Katika vyumba vya wageni magodoro yalikuwa yamekunjwa na kupangwa mpaka karibu na dari. Samovari kubwa, iliyokuwa ikichemsha chai ya watu kumi na wawili, ilikuwa imefunikwa kwa taulo. Anarkul alichemsha maji yake kwenye birika dogo.

Mumewe, Beyshen, alikuwa amefariki. Mwanawe wa pekee, Ulan, aliendesha malori huko Yakutsk, Urusi. Ulan alipiga simu kila alipopata mtandao, na mazungumzo yao yalikuwa ya hali ya hewa.

"Huko baridi imeanza, mama?"

"Imeanza. Huko je?"

"Huku haijawahi kwisha."

Kisha wote wawili walicheka kidogo, na simu ikakatika.

Jioni Anarkul alifungua kompyuta na kuingia kwenye tovuti ya nyumba yao ya wageni. Beyshen aliitengeneza tovuti hiyo majira ya baridi moja, theluji ilipokuwa imefunga barabara. Aliweka picha za vyumba na picha ya ziwa. Aliweka pia picha ya mama yake, amekaa juu ya zulia la sufu alilolishona kwa mkono wake. Chini ya picha aliandika habari za mama yake, kwa maneno yaleyale aliyozoea kuyasema mezani. Anarkul akiyasoma, alisikia sauti ya mumewe. Ndiyo maana aliifungua tovuti ile hata siku ambazo hapakuwa na mgeni aliyeandika.

Nyumba na tovuti zote mbili zilipewa jina la mama yule: Seyilkan.

Anarkul hakuwahi kulitamka jina hilo tangu aingie nyumba ile akiwa bibi arusi. Nani angemtaja mama mkwe wake kwa jina? Alimwita Mwenye Zulia. Mama mkwe alipofariki, aliendelea kumwita hivyohivyo. Wageni wakiuliza tovuti inaitwaje, alinyoosha kidole kwenye kibao cha getini. Beyshen alikuwa akimtania mbele yao.

"Mke wangu ndiye msimamizi pekee duniani asiyeweza kuitaja biashara yake! Hebu sema, Anarkul. Sema kidogo tu."

Naye Anarkul alimrushia kokwa za aprikoti mpaka akimbie.

Hata macho yake yalikuwa na adabu. Yakilifikia lile jina juu ya ukurasa, yaliruka na kutua kwenye picha. Mambo ya kulisajili jina na kulilipia yalikuwa ya Beyshen. Anarkul hakuwahi kuyatazama.

Siku moja mchana barua pepe ilikuja kwenye anwani ya wageni. Ilianza hivi: "Mpendwa Beyshen."

Anarkul aliyasoma maneno hayo mawili mara nyingi kabla ya kuendelea. Kwa muda mrefu hakuwa ameona barua iliyoandikiwa Beyshen.

Chini yake palikuwa na maandishi mekundu: ILANI YA MWISHO. Barua ilisema muda wa jina la tovuti unakwisha leo. Ilisema kampuni moja ya nchi ya mbali imeomba kulichukua jina hilo. "Tunakupa wewe nafasi ya kwanza. Bonyeza hapa ulipe. Usipolipa leo, jina litapewa wengine, na tovuti pamoja na vyote vilivyomo vitafutwa." Pembeni palikuwa na mhuri wa tai, na saa ndogo iliyokuwa ikihesabu kurudi nyuma.

Anarkul alirudi kwenye mstari wa mwisho. Vyote vilivyomo! Picha ya Mwenye Zulia. Maneno ya Beyshen. Akajiona jioni ya baridi akiifungua kompyuta na kukuta patupu.

Hakuwa na mazoea ya kulipa kwa kubonyeza. Aliona namba ya simu chini ya barua, akaipiga. Mwanamume alipokea. Alizungumza Kirusi laini, chenye heshima.

"Mama yangu, bahati yako umepiga mapema. Zimebaki saa chache tu."

"Nani analitaka jina letu?"

"Kampuni kubwa sana. Wanauza mazulia. Wanalitaka Seyilkan kwa nguvu zote."

Anarkul alishtuka kulisikia likitajwa ovyo vile. "Lakini hilo ni la mtu," alisema. "Ni mama wa mume wangu."

"Ndiyo maana nataka kukusaidia, mama. Sasa tuthibitishe kwanza kwamba ni wewe. Ninarekodi. Taja jina la tovuti kwa sauti, kisha useme, 'Nakubali.'"

Anarkul aligeuza macho kutoka kwenye kompyuta.

"Mama? Upo?"

"Nipo. Siwezi kulitaja."

"Hulijui jina la tovuti yako?"

"Nalijua sana. Ndiyo maana siwezi."

Yule mtu alicheka, kisha akajizuia. "Mama, sheria ni sheria. Mtafute mtu mmoja alitaje badala yako. Mmoja tu, na usimweleze sababu. Habari ikisambaa, wale wa mazulia watakuwahi. Mimi nitakuombea muda mpaka kesho asubuhi, kwa kuwa wewe ni kama mama yangu mzazi. Na jambo moja zaidi. Ingia mahali mlipojisajili, uombe namba ya siri ya kuhamisha jina. Kesho utanisomea."

Simu ikakatika. Anarkul alikaa na simu mkononi. Hakujua walijisajili wapi. Aliona hilo litakuja baadaye. Kwanza atafute wa kulitaja jina.

Nani? Mtaa ule wote ulikuwa wa ukoo wa Beyshen. Wanawake wote waliobaki waliolewa na ndugu zake. Hakuna hata mmoja ambaye angethubutu kulitaja jina la Mwenye Zulia. Wanaume wengine wangeweza, lakini walikuwa Urusi, na wazee waliobaki walikuwa wamepanda malishoni kushusha kondoo.

Alibaki mtu mmoja. Binti wa Mwenye Zulia mwenyewe. Mtoto humtaja mama yake apendavyo.

Huyo alikuwa Kenje, mdogo wa Beyshen. Aliishi juu ya njia hiyohiyo, karibu na shule. Yeye na Anarkul walikuwa hawajazungumza tangu msiba wa Beyshen. Siku ile Kenje alisema mbele ya watu: "Jina la mama yangu mmelitundika getini na kwenye mitandao, kama bei ya viazi." Anarkul alijibu kwamba mdomo wa Kenje ni mrefu kuliko barabara ya Bishkek. Watu walicheka. Tangu hapo, wakikutana njiani, kila mmoja alitazama ukingo wake wa mfereji.

Anarkul alivaa skafu yake, akatoka.

Kwenye daraja, jirani yake Saltanat alikuwa akisuuza mitungi. Alimwona, akasimama wima.

"Dada Anarkul! Umepotea? Huko juu ni kwa wifi yako."

"Najua."

"Basi subiri niite watu, tuje tutazame!"

Anarkul alipita bila kujibu. Masikio yake yalikuwa yakiwaka.

Kenje alikuwa uani, amezungukwa na mitungi ya asali. Alifanya kazi kwenye chama cha wafuga nyuki. Yeye ndiye aliyeandika barua zao na kutunza tovuti yao. Alimwona Anarkul amesimama getini, lakini aliendelea kubandika karatasi kwenye mtungi mpaka akamaliza.

"Wifi," alisema mwishowe. "Umekuja kuazima nini? Ungo?"

"Mdomo," alisema Anarkul.

"Nini?"

"Nimekuja kuazima mdomo wako."

Kenje alimtazama. "Huuhuu mrefu?"

"Huohuo. Ungekuwa mfupi usingenifaa."

Kenje aliinamisha kichwa haraka, lakini Anarkul alikuwa ameshauona mdomo wenyewe ukitetemeka kwa kicheko.

"Kaa. Kuna jambo gani?"

Anarkul alikaa kwenye ukingo wa benchi, kama mgeni. Alikuwa ameambiwa asieleze sababu. Alijaribu. "Kesho asubuhi kuna mtu atapiga simu. Wewe utamtajia jina la tovuti, halafu useme, 'Nakubali.' Basi."

"Nakubali nini?"

"Usiniulize."

"Wifi, mimi hata harusini niliuliza maswali kabla ya kukubali, na bado nilikosea. Nakubali nini?"

Anarkul alitaka kujibu, badala yake machozi yakatoka. Akatoa simu, akamwonyesha barua. Akaeleza yote: wale wa mazulia, saa inayorudi nyuma, namba ya siri.

Kenje alisoma barua yote kwa utulivu, mpaka maandishi madogo ya chini. Kisha akauliza, "Umeshalipa?"

"Bado."

"Umebonyeza mahali popote?"

"Hapana. Nilipiga simu tu."

"Namba ya siri umempa?"

"Sina. Sijui hata ilipo."

Kenje alivuta pumzi ndefu. "Basi hatujapoteza kitu. Sasa niambie. Kaka alilisajili jina kwa nani?"

"Kwa wenye majina."

"Wenye majina gani?"

"Sijui, Kenje. Hayo yalikuwa mambo yake."

"Sikiliza. Umeme tunalipa kwa watu wa umeme, siyo? Leo akija mtu getini, ana karatasi yenye mhuri, anasema, 'Lipa kwangu la sivyo nakata,' utampa?"

"Nitamfungulia mbwa."

"Vizuri. Jina la tovuti ni vilevile. Wataalamu wanaliita jina la kikoa. Unalisajili kwa kampuni moja. Kampuni hiyohiyo ndiyo inayokukumbusha muda ukikaribia, na hiyohiyo ndiyo unayoilipa. Mwingine yeyote akikuandikia ulipe kwake, huyo ni mpita njia aliyeona kibao chako."

"Lakini anamjua Beyshen! Amemwandikia kwa jina."

Sauti ya Kenje ikashuka. "Wifi, hamjui. Kuna orodha kwenye mtandao. Mara nyingi inaonyesha jina la tovuti, aliyelisajili, na tarehe ya mwisho. Mtu yeyote anaweza kuitazama, hata tapeli. Ameyanakili tu, na anwani ya wageni akaitoa kwenye tovuti yenyewe. Angemjua kaka, asingemwandikia kana kwamba yuko hai."

Anarkul alitazama mikono yake. Maneno yale mawili, "Mpendwa Beyshen," aliyoyasoma mara nyingi, yalikuwa yameandikwa na mtu ambaye hakumpenda hata kidogo.

"Na wale wa mazulia?" aliuliza polepole.

"Pengine hawapo kabisa. Na hata wangekuwapo, lako liko kwenye orodha tayari. Halipewi mtu mwingine muda wako ukiwa haujaisha. Wakitaka, watatafuta linalofanana nalo, lenye herufi za mwisho za nchi nyingine. Kule Naryn si yuko Anarkul mwingine, yule mke wa daktari wa mifugo?"

"Yupo."

"Wewe umepungua kitu?"

"Yule ni mnene," alisema Anarkul.

Safari hii Kenje alicheka waziwazi. Kisha akawa makini tena. Aligonga kioo cha simu kwa kidole. "Tazama. Anakuharakisha: leo, sasa hivi, saa inakimbia. Anakutisha: vyote vitafutwa. Anakwambia usimweleze mtu. Mwenye haki yake hana haja ya kukuzuia usiulize watu. Na hii namba ya siri ndiyo mbaya kuliko yote. Huo ndio ufunguo wa kulihamisha jina. Ukimsomea, analipeleka kwake. Hapo ndipo litakuwa limepotea kweli, na kesho yake atataka akuuzie."

"Kwa hiyo muda hauishi leo?"

"Hilo sijui bado. Tusimwamini yeye, na mimi pia usiniamini hivihivi. Tukatazame wenyewe. Risiti za kaka ziko wapi?"

"Kwenye simu yake," alisema Anarkul.

Walishuka pamoja. Saltanat alikuwa bado darajani. Aliwaona wawili hao bega kwa bega, akafungua mdomo, akaufunga.

Simu ya Beyshen ilikuwa ndani ya sanduku, imefungwa kwenye skafu ya hariri. Anarkul hakuwahi kuiwasha tangu msiba. Waliichomeka kwenye umeme, wakakaa kuingoja. Ilipowaka, ilionyesha picha ya Ulan akiwa mdogo, amepanda punda. Kisha ikaanza kulia: barua moja baada ya nyingine, zote kwa mtu ambaye hayupo. Anarkul aliweka mkono juu yake kama anayebembeleza mtoto.

Kenje alitafuta kwa jina la tovuti. Aliipata risiti ya zamani. Ilitoka kwa kampuni moja ya Bishkek, na jina la kampuni hiyo halikufanana hata kidogo na lile la kwenye barua ya leo.

"Huyu ndiye mtu wetu wa umeme," alisema Kenje. "Sasa angalia ninavyofanya. Sibonyezi kiungo chochote kilichoko kwenye barua ya leo. Anwani ya kampuni naiandika mwenyewe, herufi kwa herufi, kama ilivyo kwenye risiti ya kaka."

Akaandika. Akafungua pia ile orodha ambayo kila mtu anaweza kuitazama. Akageuza kompyuta ili Anarkul aone.

"Soma tarehe ya mwisho."

Anarkul alisoma. Safari hii hakuruhusu macho yake kuruka. Jina lilikuwa pale, na pembeni yake tarehe. Muda ulikuwa unakwisha majira ya kuchipua, theluji ikiyeyuka.

"Alinidanganya," alisema.

"Alikudanganya. Lakini tazama hapa." Uso wa Kenje haukuwa na furaha. "Msajili wa kweli akitaka kukukumbusha, atamwandikia nani? Kaka. Kwenye simu iliyokuwa sandukuni. Muda ungepita kimya, wewe usijue. Baada ya hapo mtu yeyote angeweza kulichukua, tena kwa halali."

Anarkul aliikunja ile skafu mapajani. Alikuwa ameiweka simu ile ndani ya hariri kwa mapenzi. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna jambo linalongoja ndani yake.

Walipiga namba iliyokuwa kwenye risiti ya zamani. Binti mmoja alipokea, kwa Kikirgizi.

"Habari za mchana. Tovuti inaitwaje, dada?"

Anarkul alishika shavu. Kenje aliinamia simu ili aseme, lakini Anarkul alimzuia kwa mkono. Alitaka kujua huyu atajibu nini.

"Binti yangu, siwezi kulitaja. Ni la mama wa mume wangu."

"Alaa!" alisema yule binti mara moja. "Basi usilitaje, dada. Mimi mwenyewe namwita mama mkwe wangu Mama Mwenye Miwani. Niandikie tu, nitaliona."

Anarkul na Kenje walitazamana.

Yule binti alieleza taratibu. Atume nakala ya hati ya kifo cha Beyshen, ya cheti cha ndoa, na ya kitambulisho chake mwenyewe. Jina litaandikwa kwake. Namba yake ya simu na barua pepe yake vitawekwa badala ya vile vya marehemu. Jina litafungwa kufuli ili lisihamishwe bila yeye kukubali. Ile namba ya siri asimpe mtu, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni yao.

"Na hiyo barua ya tapeli, nitumie picha yake niwaonyeshe wenzangu. Usiijibu. Hakuna haraka, dada. Fanya polepole."

Maneno hayo, "hakuna haraka," yalimwingia Anarkul kama chai ya moto.

Alimaliza kutuma vyeti jua likiwa bado juu ya ziwa. Aligeuka, akamkuta Kenje amekaa mbele ya kompyuta, hatikisiki. Alikuwa ameufungua ukurasa wenye picha ya mama yake.

"Hii kaka aliiandika lini?"

"Ile baridi ya theluji nyingi. Hukuwahi kuisoma?"

"Nilikuwa nimekasirika," alisema Kenje. "Nilidhani ni bei za vyumba tu."

Akaanza kusoma kwa sauti. "'Mama yangu Seyilkan alishona zulia hili baridi nzima. Dada yangu Kenje alikuwa mchanga, na alikataa kulala mahali pengine ila juu yake. Kwa hiyo mama alishona kulizunguka lile toto. Ndiyo maana ukitazama katikati, mshono umepinda kidogo.'"

Kenje aliugusa mshono ule kwenye picha. Alikuwa na sauti nzito kidogo kwa mwanamke, sauti ya ukoo wao. Anarkul alikuwa amefumba macho.

"Endelea," alisema. "Tafadhali."

Kenje aliendelea mpaka mwisho. Jina la mama yao lilitajwa tena na tena ndani ya chumba kile, na hakuna aliyekosa adabu.

Asubuhi Kenje alikuja bila kuitwa. Alikuta chai na jamu ya aprikoti. Alikuwa na mkate mdomoni simu ilipolia.

"Mama yangu mpendwa!" alisema yule mwanamume. "Umempata mtu?"

"Nimempata. Yuko hapa."

"Safi sana. Ataje Seyilkan, aseme, 'Nakubali.' Kisha namba ya siri. Seyilkan litabaki lako. Harakisha, mama, wale watu wanalingoja hilo Seyilkan."

Anarkul aliisogeza simu karibu na mdomo. 

"Kijana, wewe ulimjua?"

"Nani?"

"Mwenye jina."

"Mama, tuna dakika chache—"

"Mimi nilimchana nywele. Nilimlisha kwa kijiko alipougua. Nimeishi na jina lake miaka yote hii na sijawahi kuliweka mdomoni. Wewe umelitupa mara tatu kabla sijameza chai. Hulijui ni la nani. Kwa hiyo si wewe wa kulilinda. Usipige tena."

Akakata simu. Akaizuia ile namba, kama Kenje alivyomwelekeza. Kisha akajimiminia chai.

Kenje alimeza mkate. "Na wewe mdomo wako si mfupi," alisema.

Theluji ilianguka, ikafunga barabara, ikayeyuka. Kenje alikuja siku nyingine, na siku nyingine hakuja, kwa kuwa alikuwa na nyuki wake na mambo yake. Siku ambazo hakuja zilikuwa ndefu kama zamani. Lakini Anarkul alijifunza kufungua ile orodha mwenyewe na kutazama tarehe, kama mtu anavyochungulia kuni kama zitatosha.

Barua zenye mihuri zilikuja tena. Moja ilisema jina linatakiwa China. Nyingine ilidai malipo ya kuifanya tovuti ionekane kwa watu wengi. Anarkul alizisoma mara moja, akazifuta. Saltanat naye alipata moja, kwa ajili ya ukurasa wa jibini wa mwanawe, akaja mbio kuvuka daraja huku ameshika simu juu kama inaungua.

"Kwanza kaa," Anarkul alimwambia. "Hakuna haraka. Mwanao alijisajili kwa nani?"

Miaprikoti ilipoanza kutoa maua, barua ya kweli ilikuja. Haikuwa na tai wala saa. Anarkul alilinganisha jina la kampuni na lile la kwenye risiti. Yalilingana. Alilinganisha tarehe. Zililingana pia. Hata hivyo hakubonyeza kitu ndani ya barua. Aliandika anwani ya kampuni kwa mkono wake, akaingia, akalipa, akangoja mpaka akaona tarehe mpya. Jina lilibaki pale, na maneno ya Beyshen chini yake.

Kisha akairudia ile barua. Ilianza hivi: "Mpendwa Anarkul."

Aliyatazama maneno hayo kwa muda mrefu. Kwenye orodha ile Beyshen hakuwapo tena. Palikuwa na yeye peke yake.

Alifunika kompyuta, akaenda mezani, akakata mkate vipande viwili. Akavisikiliza viatu vya Kenje vikishuka njiani, bado mbali, karibu na daraja.